KOBE LA DINGI LILIVYOMTOA MAZA NDUKI!

Wiki jana tuligombana kuhusu mpangaji anayepikia umeme kutwa nzima, halafu siku ya kununua luku anajifanya kalala. Wiki hii bado tuko kwenye umeme, ila tunatoka ndani tunakwenda uani, chini ya mwarobaini, lilikolala gari la marehemu dingi miaka mitatu bila kuguswa.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mgongo, ile ambayo watoto wa mtaani kwetu Magomeni wanaiita Kobe. Ni la mwaka 1972. Marehemu alipenda kuwaambia wageni kwamba tarehe 17 Februari ya mwaka huohuo, Kobe la 15,007,034 lilitoka kiwandani Ujerumani, likaipiku Ford Model T ya Marekani kwa kutengenezwa kwa wingi kuliko gari lolote. Alikuwa anaitaja namba yote mpaka ile nne ya mwisho, kama mtu anayetaja namba ya simu ya mchumba. Ungedhani lililovunja rekodi ni hilohilo la kwake!

Sasa bwana, sista akapata mchumba, harusi ikapangwa, na kamati ikawa inapumua kwa mashine. Bro mkubwa akaja na dili: kuna mtu wa skrepa, analitaka Kobe kwa kilo. Yule jamaa akaja, akaligonga gonga mlango kama anayechagua tikiti maji, akasema, "Hili kimeo, ila chuma kipo."

Maza alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua kichwa. Akasema tu, "Zimebaki wiki tatu. Likiwaka na taa zake zote kabla ya harusi, linabaki. Lisipowaka, mlipeleke kwenye mizani."

Mnanijua. Elimu yangu ni kidato cha nne, kazi yangu ni kuwaandikieni nyie, mkwanja ni wa kubangaiza. Lakini nikasema hapana, hili halifi mikononi mwangu.

Kosa la kwanza: nikatafuta fundi wa bei poa. Nilimpata mmoja, jina namsitiri, sifa zake zote ni za Land Rover. Akaja na waya mabegani kama mtu anayekwenda kufunga umeme wa mnada. Siku mbili tu, Kobe likanguruma! Mtaa mzima ukajaa uani. Mimi kifua mbele. Nikamwita maza aje akae ndani aonje.

Maza wangu, Mungu amjalie, ana mwili wa haja. Akaingia kiti cha nyuma, akajiweka sawa, akaanza kutabasamu. Dakika haijaisha nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Kuangalia, moshi unatoka chini ya kiti alichokalia mama yangu mzazi!

Jamani, mimi sijawahi kumwona mama akikimbia. Siku hiyo nilimwona. Nilimvuta mkono, bro akamvuta kanga, akatoka nduki mpaka kwa jirani. Tukang'oa kiti, tukamwaga mchanga, kiti kikawa kimeshaungua tundu la ukubwa wa sinia na nyaya za pembeni zimeyeyuka kama mishumaa. Watu walicheka baadaye. Wakati ule hakuna aliyecheka, mana'ke tangi lilikuwa na petroli.

Kwa wasiojua, betri ya Kobe haikai mbele wala kwenye injini. Inakaa chini ya kiti cha nyuma. Kiti kina springi za chuma. Yule fundi alikuwa kaweka betri ndefu kuliko inayotakiwa, na juu yake hakuna kifuniko. Mtu akikaa, springi inashuka, inagusa kichwa cha chanya. Springi imeshika fremu, fremu imeshika bodi, na bodi ndiyo hasi. Shoti! Springi inakuwa nyekundu kama kaa la mkaa, na kujaza kwa kiti kunashika moto kama makumbi makavu.

Jioni maza akaniuliza taratibu, "Baba yenu alikuwa anaweka kipande cha mpira juu ya betri. Kimekwenda wapi?"

Nikanyamaza. Kipande kile nilikitupa mimi mwenyewe siku nafanya usafi. Nilikiona nikasema takataka gani hii. Msomaji wangu, usiku ule sikulala. Fundi ana makosa yake, lakini aliyetupa mpira ni mimi, na aliyemwita mama aje akae ni mimi.

Asubuhi bro akawa ameshampigia mtu wa skrepa. Ndipo nikakimbilia Gerezani, kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari ambaye marehemu alikuwa akimwendea. Nikatoa shikamoo, nikamwaga yote. Babu akaniuliza swali moja tu: "Mama hajaungua?" Nikasema hajaungua. Akachukua testa yake, tukapanda daladala.

Alipofungua buti ya mbele na kutoa kile kibao cha nyuma ya dashibodi, alicheka mpaka akakaa chini. "Mjukuu," akasema, "gari lenu nusu linaongea Kijerumani, nusu linaongea Kiingereza. Ndo maana haliwezi kuelewana."

Sikilizeni, hapa ndipo penye ishu. Kwenye magari ya Kiingereza ya zamani, kama hizo Land Rover, waya wa kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, na mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi. Kwenye Kobe mambo ni kinyume kabisa: kahawia ndiyo ethi, mweusi ndiyo moto unaokuja ukiwasha swichi, na mwekundu ndiyo unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Sasa yule mtu wa Land Rover alikuwa amechomeka nyaya zake kwa rangi alizozizoea, katikati ya nyaya za kiwandani. Kahawia hii ina moto, kahawia ile ni ethi, zimelala kitanda kimoja! Siku mbili zikikwaruzana, ngozi ikitoka, mnazika.

Na si hayo tu. Tulikuta waya wa nyumbani, ule wa uzi mmoja mnene. Ukutani unafaa kwa sababu ukuta hautikisiki. Gari linatetemeka kutwa, uzi mmoja unachoka, unakatika ndani kwa ndani, wewe nje unaona mzima. Gari linataka waya laini wenye nyuzi nyingi. Tulikuta waya wa spika unapeleka taa kubwa. Tulikuta maungio ya kusokota na kufunga nailoni ya mkate. Na fyuzi moja imezungushiwa karatasi ya sigara! Fyuzi ni mlinzi anayekufa ili nyumba ipone. Ukimfunga karatasi ya sigara umemwambia asife, basi itakufa nyumba.

Babu akasema hapana kuunga unga. "Tunatoa zote." Roho ikaniruka. Zote?

Tukaanza kwa kufungua betri. Hasi kwanza, chanya baadaye, na wakati wa kurudisha ni chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu ni rahisi: ukianza na chanya huku hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi tu unapata fataki. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi hakuna kitu.

Halafu nikapewa simu nipige picha kila kona, na karatasi ya gundi niandike namba kwenye kila ncha kabla ya kuchomoa. Maana Wajerumani, bwana, wameandika namba kila mahali pa kuchomeka waya. Mimi nilidhani ni namba za kiwandani za kujifurahisha. Kumbe kila namba ina maana, na mzee anazo kichwani kama kondakta na vituo. 30 ni moto wa betri muda wote. 15 ni moto wa swichi. 31 ni ethi. 50 ni wa stata. 56 ni taa kubwa, halafu 56a ni fulu na 56b ni dimu. 58 ni taa ndogo. 61 ni ile taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Ukishika hizo, hata rangi ikififia kwa jua na oili hupotei. Siku ya tatu nilikuwa naota namba. Sista ananiuliza wageni wangapi, mi namjibu hamsini na sita bii.

Tukalitoa furushi lote la nyaya za zamani, tukalilaza kwenye kibao kama ngozi ya mbuzi, tukapigilia misumari kila linapokata kona. Huo ndio ukawa mchoro wetu. Kila waya mzee anatolewa, mpya anakatwa urefu uleule na nyongeza ya kiganja kimoja, rangi ileile, unene uleule au zaidi. Rangi zilizokosekana Kariakoo tulizifuata Ilala, Shauri Moyo, tukavua nyaya nzima kwenye furushi la gari lililoanguka.

Unene ndio watu wengi wanachemsha. Hesabu ni ya darasani: wati gawanya kwa volti unapata ampea. Balbu ya taa kubwa ya Kobe ni wati 45 kwenye fulu. Mbili ni 90. Gawanya kwa 12, unapata ampea 7 na nusu. Ukitumia waya mwembamba, umeme unapungua njiani, taa inakuwa kama ya mshumaa na waya unapata joto. Babu alitumia milimita 1 ya mraba kwa taa ndogo, 2 na nusu kwa taa kubwa, na 6 kwa ule mwekundu mkuu unaotoka nyuma kuja mbele. Na kwa kuwa Kobe lilitoka kiwandani bila fyuzi kwenye huo mwekundu mkuu, akaongeza moja ya ampea 50 karibu na betri. Waya wa stata haukuguswa, ule unanywa umeme mwingi, una njia yake.

Hapo mshikaji wangu mmoja akaja na ushauri: tufunge balbu kali za wati 60, na spika za kufa mtu, harusi inoge. Babu akamwangalia kwa huruma. Dainamo ya Kobe la volti 12 ilitengenezwa itoe kama ampea 30 tu, na injini ikiwa inanguruma polepole kwenye foleni inatoa kiduchu. Amplifaya ya wati 400 peke yake inataka ampea 33. "Mtacheza muziki," akasema babu, "halafu mtasukuma bibi harusi." Balbu za wati 60 zinawezekana, ila ni lazima kuweka rilei, ili mzigo usipite kwenye swichi ya zamani ukaiunguza. Tukabaki na wati 45 zetu.

Na hii shikeni, hata kama gari mtakalopanda ni la mjomba. Kwenye Kobe ile taa nyekundu ya chaji si ya betri tu. Mkanda unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni ya kupoza injini. Taa ikiwaka mkiwa barabarani, mkanda unaweza kuwa umekatika, na injini haina maji, inapozwa na upepo huohuo. Simama palepale. Ukisema nifike tu hapo mbele, utafika ukiwa na kikaango.

Kila tundu la bati ambalo waya unapita tuliweka mpira mpya, bati lisije likakata ngozi ya waya. Mipira ya petroli nayo tukabadilisha yote kabla ya kuwasha chochote, mana'ke cheche peke yake ni cheche, ila cheche na petroli inayovuja ni msiba.

Zikabaki siku nne. Sasa kuwasha. Mimi mkono ulikuwa unatetemeka, kila nikitazama kiti cha nyuma naona moshi. Babu akanifundisha kitu ambacho nitamfundisha na mwanangu. Usifunge betri moja kwa moja. Chukua balbu ya indiketa, ya wati 21, iweke katikati ya hasi ya betri na bodi. Zima kila kitu kwenye gari. Kama balbu haiwaki, hakuna umeme unaotoroka. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti mahali, na balbu imekuzuilia, mana'ke haipitishi hata ampea 2. Hapo unachomoa fyuzi mojamoja mpaka mwizi apatikane.

Tukaweka. Balbu ikawaka! Moyo ukaenda mbio. Babu hata hakushtuka, akaniambia, "Mlango." Nilikuwa nimeuacha wazi, taa ya ndani inawaka. Nikafunga mlango, balbu ikazima. Nikakaa chini kwenye mchanga nikacheka peke yangu kama chizi.

Jioni giza limeingia, betri imefungwa, betri fupi ya saizi yake, tukawasha. Taa ndogo, poa. Indiketa, tika tika tika. Honi, mtoto wa jirani akaanguka na baiskeli. Nikavuta taa kubwa, ukuta wa uani ukawa mweupe pee. Majirani wakapiga vigelegele. Maza akatoka jikoni, akasimama mbali, mbali kabisa, mikono kiunoni. Akatazama ukuta muda mrefu. Akasema, "Hiyo ya kushoto mbona kama ina usingizi?"

Kha! Maza hajawahi kushika usukani maisha yake. Lakini miaka zaidi ya thelathini amekaa pembeni ya mtu aliyekuwa akisimamisha gari kila jioni mbele ya ukuta uleule, akikagua taa kabla ya kuingia ndani. Na kweli, ya kushoto ilikuwa ya njano kidogo. Waya mpya, balbu mpya, fyuzi mpya, imekuwaje?

Babu akanikabidhi testa, akakaa kwenye kigoda. "Tafuta mwenyewe." Nikahangaika. Moto unafika vizuri. Nikakumbuka kwamba umeme haufiki tu, lazima urudi. Nikachukua waya mmoja mrefu, nikaunganisha ethi ya taa moja kwa moja na hasi ya betri. Ikaruka juu, nyeupe! Basi ni boliti ya ethi. Tulibadilisha waya tukaufunga juu ya kutu ileile ya zamani, umeme unarudi kwa kuchechemea. Nikaitoa, nikapiga msasa mpaka bati likang'aa, nikafunga upya, nikapaka grisi juu. Taa zote mbili zikawa sawa.

Maza akaja karibu. Akachukua ncha ya kanga, akafuta vumbi kwenye kioo cha taa ya kushoto, halafu ya kulia. Hakusema kitu, akarudi jikoni. Nami sikusema kitu.

Mnauliza bro? Kasheshe! Kumbe alikuwa ameshapokea advansi ya laki mbili kwa mtu wa skrepa, na ameshaila. Mpaka leo anailipa kidogokidogo, na yule jamaa akipita pale nyumbani bro anakuwa amelala kama mpangaji wetu wa wiki jana.

Siku ya harusi sista aliingia Prado la kukodi la upande wa bwana harusi, hakutaka hata kusikia habari za Kobe. Sikumlaumu. Kobe lilimbeba mtu mmoja tu, maza, na alikataa katakata kiti cha nyuma. Akakaa mbele, kiti chake cha siku zote. Kabla hatujaondoka akaniambia, "Funua kiti nione."

Nikafunua. Juu ya betri kulikuwa na kipande cha mpira, nimekikata mwenyewe kwenye tyubu ya zamani na kukifunga mkanda. Akakitazama, akatikisa kichwa. "Haya, twende."

Basi wapenzi, mwenye gari la zamani uani asiogope, ila asiunge unge, na asitupe kitu asichokijua kazi yake. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Kaa chonjo!